Chora Kwanza Kilikotoka

Vijana wa kituo mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, na kwa jinsi mlivyoomba nilielewa mnadhani nimeshaanza kusahau. Bado. Nakumbuka mengi, na mengi ya hayo yananitisha mpaka leo nikiwa hapa nyumbani Kizwite, naanika mahindi na kufukuza kuku wa jirani. Vyeo sitavieleza, wala mishahara, maana hivyo mnavijua na mnavilalamikia kila siku. Nitaeleza skrini, na nitaeleza woga.

Mimi ni mwoga, na nimezaliwa hivyo. Kwetu ni kitongoji kimoja mbele ya Mwazye, ambacho sitakitaja jina kwa sababu mtakazoziona. Nilipokuwa mtoto niliogopa radi kuliko watoto wote wa nyumba yetu, na nyumba yetu ilijaa watoto. Masika, ngurumo zikianza kutembea juu ya mlima, mama alitukusanya chumba kimoja, akafunika kila kinachong'aa, kioo, sufuria, hata kisu cha mboga, tukakaa kimya mpaka ipite. Wenzangu walisinzia. Mimi nilimng'ang'ania mama kwa swali lilelile: itapiga wapi? Naye alinijibu kila mara kwamba hakuna anayeuliza itapiga wapi, watu huuliza ni nani kaituma. Nikamwona mama yangu hajui kitu. Nilikuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka.

Kazi nilianzia mjini Sumbawanga, kwenye ofisi ya upimaji, nikichora ramani za viwanja. Mliokuja juzi hamjui ile kazi. Tulikuwa na kalamu za wino zenye ncha za unene tofauti, karatasi inayopitisha mwanga, na wembe wa kukwangulia makosa. Ukikwangua sana karatasi inatoboka, na kiwanja cha mtu kinakuwa na tundu. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo nilijifunza kuchora taratibu sana, na watu wakadhani ni ufundi. Baadaye kompyuta zikaja, wakatafuta mtu wa kwenda kujifunza, na wenzangu wote wakasema wana udhuru.

Kituo kilipofunguliwa kwenye kilima nje ya mji, wengi walidhani ni mnara wa simu. Waliokijenga walikuwa na sababu zao: tuko juu, na kiangazi anga yetu ni safi. Kazi yake mnaijua, lakini niiandike kwa ajili ya mgeni atakayesoma. Juu ya vichwa vyetu kuna setilaiti nzima, setilaiti zilizokufa, na vipande vya roketi zilizowahi kurushwa, vyote vikiizunguka dunia. Wenzetu wa nje wenye rada kubwa wanatuletea namba za kila kitu kinapopita, darubini yetu inaongezea kidogo, na lazima awepo mtu wa kuzigeuza namba hizo ziwe ramani ambayo mtu aliyekaa kwenye kiti ataielewa. Mtu huyo wakaniajiri mimi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Ambakisye, mkuu wa chumba cha skrini. Alikuwa mtu wa Mbeya, mwimba besi wa kwaya, aliyelalamikia baridi ya Sumbawanga miaka yote kana kwamba kwao ni Tanga. Aliniketisha, akafungua skrini kubwa, akaniambia niangalie vitu vyote vinavyojulikana vilivyoko juu. Niliona nukta. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilimwuliza dunia yenyewe iko wapi, akanijibu iko chini yake. Juma lile zima nilipotoka nje nilitembea nikipita chini ya mapaa ya nyumba za watu, na kuanika nguo nilimwachia dada wa kazi. Mzee aliniona, akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonibakiza kazini.

"Binti, usiuponye huo woga. Mwanaume niliyekuwa naye hapa kabla yako hakuwa anaogopa, na ramani zake zilimlaza kila mtu."

Somo lake la kwanza lilikuwa ukubwa wa nukta. Nukta moja ya skrini yetu, ukiipima kwa kipimo cha ramani, ilifunika kutoka Mpui mpaka ziwani, wakati kitu chenyewe kilikuwa cha ukubwa wa ndoo. Aliyechora anajua nukta ni alama tu. Anayetazama hajui. Mgeni mmoja, mwalimu mkuu wa shule, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ile iliyo juu ya Bonde la Rukwa ni kubwa kuliko kanisa la parokia yao. Nilipunguza nukta zote siku ileile.

Somo la pili lilikuwa mstari. Kitu kinachozunguka dunia kinakwenda njia iliyonyooka, lakini ukiiweka njia hiyo kwenye ramani bapa inapanda na kushuka, kwa sababu umelazimisha kitu cha duara kilale mezani. Mimi mwenyewe nilimwuliza Mzee kwa nini setilaiti inakata kona. Hakunieleza kwa maneno. Alitoka, akarudi na boga alilonunua kwa mama mmoja pale Kizwite, akalizungushia uzi, akaanza kuligeuza polepole huku anaendelea kuuzungusha uzi, na kila mzunguko ukaangukia pembeni ya ule wa kwanza. Nikaelewa palepale. Boga tulilipika mchana, likawa na maji mengi.

Somo la tatu lilikuwa rangi nyekundu. Alinikataza kuitumia bila kumwuliza. Alisema nichore kana kwamba anayetazama amechoka, ana njaa, amegombana nyumbani, na anatafuta sababu yoyote ya kuamini kwamba mambo ni shwari. Mtu huyo ukimpa nyekundu kila siku, siku ya nyekundu yenyewe atakuwa anakunywa chai. Naliandika hili kwa sababu nilipokuja kuaga niliona skrini moja ina nyekundu sehemu nyingi, na aliyeichora anajijua.

Miaka ikaenda hivyo. Nilikuwa naogopa kila asubuhi kwa kiasi kinachotosha kazi, na nilikuwa nimeanza kuzoea. Kisha ikaja ile roketi.

Ilikuwa sehemu ya chini ya roketi iliyorushwa na watu wa mbali, ikamaliza kazi yake, ikaachwa ikizunguka bila mtu wa kuiongoza. Kila siku ilishuka kidogo. Ilikuwa kubwa ya kutosha vipande vyake vingine kufika ardhini bila kuungua. Namba zilipokaribia mwisho zilionyesha kwamba katika mizunguko iliyobaki, mmoja unapita moja kwa moja juu ya nchi yetu ya Ufipa. Mzee Ambakisye aliitwa na kamati ya mkoa akaeleze, na akanichukua niendeshe skrini.

Programu tuliyoletewa kutoka nje ilikuwa na tabia yake. Ilitafuta katikati ya makadirio yote na kuweka hapo alama moja ya msalaba. Siku ile msalaba ukaangukia Ziwa Tanganyika, mbali na ufuko. Mwenyekiti aliuona, akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwamba ni ziwani, akaagiza chai. Nilitazama meza nzima ikilegea. Niliomba ruhusa ya kusema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba msamaha. Nikawaeleza kwamba ule msalaba ni katikati tu ya kutojua kwetu. Kitu kile kikichelewa dakika moja, kinaangukia mbali kuliko hapa na Mbeya, na sisi hatukuwa na uhakika hata wa saa. Kilichojulikana ni njia peke yake. Nikaufuta msalaba mbele yao na kuchora ukanda mrefu kufuata njia, urefu wake ukifunika yote yanayowezekana. Ukanda ulipita juu ya Mpui, ukapita juu ya Mwazye, ndipo ukaingia ziwani. Chai ililetwa ikapoa.

Sasa niwaambie nilichokuwa naogopa hasa, maana haikuwa chuma. Uwezekano wa kipande kumwangukia mtu ni mdogo sana, nanyi mnajua kuupiga hesabu. Nilimwogopea mama yangu. Alikuwa mjane, anaishi peke yake pembeni ya kitongoji, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na alikuwa na tabia ya kuongea na kuku wake. Alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na Festo, mtoto wa mjomba wangu, aliyelima upande wa pili wa ua wake. Mwezi ule ulikuwa wa kuvuna ulezi, kiangazi kavu, hakuna wingu. Kitu kikishuka na mlio mkubwa katika anga isiyo na wingu, kwetu jina lake ni radi, na radi ya kiangazi haina maelezo isipokuwa mkono wa mtu. Mwanamke wa namna ya mama, kitu kama hicho kikitokea karibu naye, hahitaji shahidi wa pili ili aitwe mchawi. Nimewahi kuona nyumba ya mwanamke wa hivyo baada ya watu kuondoka. Sitaieleza.

Nikajiambia dawa ni moja: watu wajue mapema. Ikitangazwa kabla kwamba kuna chuma kinakuja, kina njia yake, na huenda kikaangukia popote katika ukanda, basi kikianguka hakuna atakayesema kimetumwa. Ramani iliyochorwa kabla ya tukio itakuwa shahidi wa mama. Mzee alisita, akasema watu wakiogopa huwa hawasomi ramani. Lakini alikubali, kamati ikakubali, na ujumbe ukasambazwa. Kwetu nilimtumia katekista picha ya ukanda kwa simu, pamoja na maelezo mafupi: msikiguse kitu chochote kitakachoanguka, kinaweza kuwa na sumu, toeni taarifa. Akaahidi kulisema kwenye matangazo baada ya ibada ya Jumapili.

Alilisema, na alilisema vizuri. Ila kwetu ukitoa tangazo lazima useme limetoka kwa mtoto wa nani. Bila hivyo watu wanadhani umelitunga mwenyewe, na kutomtaja mleta habari ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo katekista, kwa adabu yake yote, alisimama mbele ya kanisa zima na kusema kwamba Yustina wa Mama Yustina, yule anayefanya kazi mjini, anasema wiki hii kitu kitaanguka kutoka angani. Mama alikuwa amekaa benchi la pili. Watu wakageuka kumtazama. Nilisimuliwa hayo baadaye, wakati yalikuwa hayasaidii tena.

Kilianguka katikati ya juma, mchana kweupe. Nilikuwa kwenye kiti. Ukanda ulikuwa unafupika kadiri namba mpya zinavyoingia, ncha ya nyuma ikisogea, ncha ya mbele ikirudi, kisha namba zikakoma kuja. Kitu kilichokuwa juu kwa majuma mengi hakikuwepo tena juu. Simu ikalia, ilikuwa ya katekista.

Alisema kumelia mlio uliotikisa mabati, na kitu kimeanguka shambani kwa Festo, hatua chache kutoka ua wa mama. Hakuna aliyekufa. Ng'ombe wa kulimia wa Festo alikata kamba kwa woga, akaanguka kwenye mtaro, akavunjika mguu, wakamchinja. Nikamwuliza kama kuna aliyekigusa kitu chenyewe. Akasema hakuna, watu wamesimika matawi kukizunguka kama wanavyofanya mahali palipopigwa na radi, na hakuna atakayevuka matawi yale. Nilianza kumshukuru, akanikatiza.

"Njoo, dada. Njoo sasa hivi, na usije peke yako."

Mzee Ambakisye alichukua gari la kituo na mimi nikachukua kompyuta ndogo. Kutoka Sumbawanga kwenda Mwazye mnaijua barabara. Njia nzima Mzee aliimba besi yake taratibu, wimbo mmoja tu, akirudia mstari uleule, na nikajua naye anaogopa.

Tulipofika uani kwa mama palikuwa pamejaa watu, na hapakuwa na kelele. Ukimya huo ndio mbaya. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, kitenge alichokuwa anapinda ukingo wake kiko magotini, sindano bado iko kwenye nguo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Kupitia ua nilikiona kitu chenyewe ndani ya duara la matawi. Ulikuwa mtungi wa duara, mweusi, kama chungu kisicho na mdomo, na kwa sababu uliungua nje ulikuwa umetoa nyuzi nyeusi ndefu zinazopeperuka kwa upepo. Mimi nilijua ni nyuzi zinazofungwa kwenye mitungi ya gesi ya roketi ili isipasuke. Mtu mwingine yeyote angeona nywele.

Festo alisimama mbele ya wenzake. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha zaidi. Akaniambia kwa Kiswahili, ili Mzee naye asikie:

"Dada Yustina, hatuna neno na wewe. Tulikuja kumwuliza shangazi umejuaje kabla hakijaanguka. Mtu anajuaje kabla, kama hajatuma? Shangazi ametujibu. Amesema tukuache wewe. Amesema ni yeye."

Nilimgeukia mama. Alikuwa anautazama uzi wake. Nilichokifanya kumkinga ndicho kilichomweka pale. Ramani niliyodhani itakuwa shahidi wake walikuwa nayo, kwenye simu za vijana watatu au wanne, na kila aliyeitazama aliona kitu kimoja: kwamba mtoto wa mwanamke huyu alijua.

Nikafungua kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa. Sikuwa na mpango, nilitaka tu waone. Nikaweka njia ya kile kitu kwenye ramani bapa, yote, tangu mwanzo. Nikasikia watu wanarudi nyuma. Mama mmoja alimfunika mtoto wake macho. Kilichojaa kwenye skrini, kikipinda juu na chini kutoka ukingo hadi ukingo wa dunia, kilikuwa nyoka. Mtu yeyote angekiita nyoka, hata mimi ningekiita nyoka kama nisingekuwa nimekichora mwenyewe.

Mzee Ambakisye alifunga kompyuta kwa kiganja. Akawaamkia wazee waliokuwepo, mmoja mmoja, kama mgeni anayefika msibani, kisha akamwomba mama boga. Mama alimtazama kwa mara ya kwanza. Akasema liko ndani, darini. Kijana mmoja alilileta. Mzee akaomba na uzi, mama akaukata ule wa kitenge kwa meno, akampa.

Akalizungusha boga lile mbele yao kama alivyonifanyia mimi siku zile. Aliwaonyesha hapa ni Ufipa, akapachoma kwa ukucha. Akawaonyesha huku, upande wa pili wa boga, ndiko watu walikorushia roketi yao, tangu kabla ulezi haujachanua. Akaupitisha uzi taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, boga likigeuka, uzi ukipita juu ya nchi za watu wasiotujua, na kila mara akisema kwa lugha rahisi: hapa bado, hapa bado. Nikafungua tena kompyuta, safari hii nikiweka dunia ya duara, inayogeuka kama lile boga. Sikuwaonyesha kinakokwenda. Nilianza na tundu la shambani kwa Festo, nikarudisha saa nyuma. Kitu kikapanda kutoka kwenye matawi, kikarudi juu, kikazunguka kinyumenyume, siku zikarudi, mpaka nikafika Jumapili jioni, jua likizama. Hapo nikasimamisha.

Nikasema kwamba Jumapili, wakati ng'ombe wanarudi zizini, kile kitu kilipita juu ya kitongoji hiki, kikitokea upande wa Mpui, kikimeta na kufifia, kikimeta na kufifia, kwa sababu kilikuwa kinajipindua.

Niliwaza kwamba nimeshindwa. Kisha Festo akasema, polepole, kana kwamba hataki kusikika:

"Nilikiona. Nilikuwa nafunga yule ng'ombe. Nikadhani ni ndege."

Mzee mmoja akasema naye alikiona, akamwonyesha mkewe. Wasichana wawili waliotoka kisimani wakasema wao walikihesabia kumeta. Kumbe nusu ya kitongoji walikuwa wamekiona kikipita juu ya mapaa yao wenyewe, kabla hakijaanguka kwa yeyote. Festo akaliangalia boga. Halafu akauliza ng'ombe wake atalipwa na nani, wale waliokirusha au serikali. Sijawahi kufurahia swali la malipo kama siku ile, maana lilikuwa swali la mtu anayeamini kwamba kitu kina mwenyewe, na mwenyewe yuko mbali.

Siwadanganyi kwamba wote waliridhika. Baadhi waliondoka bila kuaga, na mtu wa kwetu akiondoka bila kuaga amesema mengi. Kwa hiyo jioni ileile tulimpakia mama kwenye gari pamoja na kuku wake, na hajarudi kuishi kule. Niliuliza kwenye gari kwa nini alisema ni yeye. Akasema anasikia baridi, nifunge kioo. Mtungi ulikuja kuchukuliwa na wataalamu, na matawi yakabaki mpaka mvua.

Sasa mnajua kwa nini skrini ya kutangazia umma mliyoirithi ina mkia, ule mstari wa njia ambayo kitu kimeshapita. Nasikia mnataka kuuondoa. Nasikia mnasema unajaza ramani, unachelewesha kompyuta, na kwamba mtu anayesubiri kitu kimwangukie hana haja ya kujua kilipita wapi mwezi uliopita. Mkia niliuchora mimi, juma lililofuata, na Mzee Ambakisye akausimamia mpaka alipostaafu na kurudi Mbeya kulalamikia baridi ya huko. Sisi tuliokaa kwenye viti tunauliza kitaanguka wapi. Aliyesimama shambani, amemshika mkono mtoto wake, anauliza kimetoka kwa nani. Msipomjibu ninyi, atajibiwa na jirani. Kwa hiyo chora kwanza kilikotoka: ufuko kiliporushwa, mizunguko yake, na jioni kilipopita juu ya watu kikaonekana. Kinakokwenda kifuate baadaye. Na jina la mchoraji lisikae popote kwenye ramani ile.

Bado naogopa. Kiangazi, nikiona kitu kinameta baada ya jua kuzama, nasimama na beseni la nguo mkononi mpaka kipotee. Vimezidi kuwa vingi, nanyi mnajua kuliko mimi. Siku moja kitaangukia pembeni ya mwanamke mwingine, na mtakaokuwa kwenye kiti ni ninyi.

Siku niliyokabidhi ofisi nilirudi mapema, nikamkuta mama uani anapepeta ulezi. Macho yake hayaoni vizuri tena lakini ungo hajauacha. Akaniuliza kama kazi nimeiacha kweli, nikasema nimeiacha. Akauliza kama zile mashine zimebaki na wenyewe, nikasema zimebaki. Akapepeta kidogo, akapuliza makapi, akaweka ungo chini.

"Vizuri," akasema. "Sasa ninaweza kusema. Kile kilichoanguka kule nyumbani nilikusamehe siku ileile. Wewe ulikuwa bado na watoto wa kusomesha, mimi nilikuwa nimeshaishi. Ndiyo maana nikawaambia ni mimi."

Nilifungua mdomo nianze kumweleza upya. Jikoni palikuwa na boga, na uzi ulikuwepo. Nikaitazama mikono yake juu ya ungo, ile iliyokata uzi na kumpa mgeni, huku moyoni akijua kabisa ni mimi niliyekituma.

Nikakaa chini karibu naye, nikasema, "Asante, mama."